Risasi Zilipoadimika Marekani

Mkulima wa Marekani ana vyombo vyake vya kazi kama sisi tulivyo na vyetu. Ana trakta, ana plau, ana bomba la kupigia dawa. Na katika nyumba nyingi za mashambani ana bunduki pia, iliyofungiwa kabatini. Mwaka 2020 na mwaka 2021 wakulima wengi wa huko walikuwa na bunduki lakini hawakuwa na cha kutia ndani yake. Walikwenda madukani wakakuta rafu tupu. Na aliyebahatika kupata sanduku moja la risasi aliambiwa bei mara tatu au mara nne ya ile aliyoizoea.

Labda msomaji atauliza, habari hii yamhusu nini mkulima wa skimu hapa Kenya, ambaye hana bunduki wala hana haja ya kununua risasi? Swali hilo ni la haki. Jibu ni kwamba njia iliyopitwa na risasi mpaka zikakosekana ni njia ile ile inayopitwa na mbolea na mbegu. Mtu aliyewahi kupanga mstari mbele ya ghala, huku mawingu ya mvua yakikusanyika, ataitambua njia hiyo mara moja. Tena, kama tutakavyoona mbele, baruti iliyomo ndani ya risasi ina udugu wa karibu sana na gunia la CAN.

BUNDUKI KAMA CHOMBO CHA SHAMBA

Kwanza yafaa tujue kwa nini mkulima wa Marekani huweka bunduki. Katika jimbo la Texas na majimbo mengi ya kusini kuna nguruwe mwitu ambao asili yao si ya nchi ile. Nguruwe wa kwanza waliletwa na Wahispania katika karne ya 16, wakatoroka, wakazaana msituni. Baadaye wengine waliletwa kutoka Ulaya kwa ajili ya kuwindwa. Idara ya Kilimo ya Marekani inakadiria kwamba sasa wamezidi milioni 6. Mkulima akipanda mahindi leo, usiku nguruwe huingia shambani na kufuata mstari kwa mstari, wakifukua punje moja moja kwa pua zao kana kwamba wameonyeshwa pale mashine ilipopita. Asubuhi mkulima hukuta mfereji mahali alipotia mbegu. Walio jirani na msitu wenye nguruwe na nyani hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kuna pia mnyama aitwaye koyoti, mfano wa mbweha mkubwa, ambaye huua wana-kondoo na hata ndama. Na kuna kulungu, ambao katika majimbo mengi huwindwa kila mwaka mwezi wa Novemba, kwa leseni na kwa hesabu iliyowekwa na serikali ya jimbo. Nyama ya kulungu mmoja au wawili, ikitiwa katika friji ya barafu, huifikisha familia ya mashambani mpaka masika. Huko Alaska, ambako nyama ya dukani hufika kwa ndege na bei yake ni kali, wako watu ambao uwindaji kwao si mchezo hata kidogo.

Lakini tusidhani kwamba bunduki za Marekani zimo mikononi mwa wakulima tu. Uchunguzi wa Pew wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba watu wazima 3 katika 10 walikuwa na bunduki zao wenyewe. Taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva ilikadiria mwaka 2018 kwamba raia wa Marekani walikuwa na bunduki na bastola zaidi ya milioni 390, idadi inayozidi idadi ya watu wenyewe. Wengi huweka silaha kwa kuogopa wezi, wengine kwa mchezo wa kulenga shabaha. Wote hao hununua risasi katika maduka yale yale anayonunua mkulima, na mambo yalipoharibika mkulima alijikuta nyuma ya msafara mrefu sana.

WATU WALIVYOANZA KUKIMBILIA MADUKANI

Mwezi wa Machi mwaka 2020 ugonjwa wa Korona ulipoenea, watu wa Marekani walifanya yale yaliyofanywa na watu wa nchi nyingi: walikimbilia madukani. Walinunua unga, mchele, sabuni na karatasi za chooni. Wengine walinunua bunduki. Kwa kawaida mtu anayenunua bunduki katika duka lenye leseni huchunguzwa kwanza na idara ya upelelezi, na idara hiyo huchapisha hesabu ya uchunguzi kila mwezi. Mwezi huo wa Machi uchunguzi ulikuwa milioni 3.7, na hapo kabla haujapata kufika idadi hiyo katika mwezi mmoja.

Mambo hayakuishia hapo. Tarehe 25 Mei 2020 mtu mmoja mweusi aitwaye George Floyd aliuawa na polisi katika mji wa Minneapolis. Maandamano yakaenea nchi nzima, na katika miji mingine maduka yakavunjwa na kuchomwa moto. Mwezi wa Juni hesabu ikapanda tena kufikia milioni 3.9. Kisha ukaja uchaguzi wa Rais mwezi wa Novemba, na wenye bunduki wakaogopa kwamba serikali mpya italeta sheria kali. Mwaka 2020 ulipokwisha, uchunguzi wote ulikuwa milioni 39.7, wakati mwaka 2019 ulikuwa milioni 28.4. Si kila uchunguzi ni bunduki moja iliyouzwa, lakini mwelekeo wake unaonekana wazi.

Chama cha wenye viwanda vya silaha kilikadiria kwamba katika mwaka 2020 pekee watu zaidi ya milioni 8 walinunua bunduki kwa mara ya kwanza maishani mwao. Sasa tupige hesabu kidogo. Mtu akinunua bastola leo hawezi kwenda nayo nyumbani ikiwa tupu. Atataka angalau masanduku mawili ya risasi, na kila sanduku lina risasi 50. Watu milioni 8 mara risasi 100 ni risasi milioni 800. Hizo ni risasi za wageni tu, kwa siku ya kwanza tu, kabla hatujawahesabu wale waliokuwa na bunduki tangu zamani.

Na hao wa zamani hawakukaa kimya. Walikuwa wamekwisha kuona mambo haya mara mbili. Mwishoni mwa mwaka 2008, Barack Obama alipochaguliwa, risasi zilipungua madukani kwa hofu ya sheria mpya. Kisha mwezi wa Desemba 2012, baada ya watoto wa shule kuuawa katika mji wa Newtown, jimbo la Connecticut, hofu ile ile ikarudi, na risasi ndogo ya namba 22, ambayo mtoto wa mkulima hufundishiwa kulenga na ambayo ilikuwa rahisi kama karanga, ikawa adimu kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo mwaka 2020 kila mwenye kumbukumbu alisema moyoni, "Safari hii hawatanikuta mkono mtupu." Aliyehitaji sanduku moja akanunua kumi.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Viwanda havikufungwa, wala risasi hazikupungua kutengenezwa. Zilitengenezwa nyingi kuliko miaka ya nyuma. Zilitoka kiwandani, zikafika dukani asubuhi, na kabla ya saa sita mchana zilikuwa zimehamia katika vyumba vya chini vya nyumba za watu. Ghala la dukani lilikuwa tupu kwa kuwa maghala ya nyumbani yalijaa. Watu walijifunza siku ambayo lori huleta mzigo, wakawa wanasimama mlangoni kabla ya alfajiri. Wenye maduka waliweka amri: mtu mmoja, sanduku moja au mawili. Amri hiyo ilisaidia kidogo, lakini baba alirudi na mkewe, kisha na mwanawe mkubwa. Wakazuka na walanguzi, walionunua kwa bei ya duka na kuuza mtaani kwa bei waliyoitaka wenyewe.

Bei yenyewe ilikwenda hivi. Risasi ya bastola ya milimita 9, ambayo ndiyo inayonunuliwa sana, kabla ya Korona ilipatikana kwa senti 20 za dola au chini yake. Yaani sanduku la risasi 50 lilikuwa dola 10. Mwanzoni mwa mwaka 2021 risasi hiyo hiyo ilikuwa senti 70, na mahali pengine ilifika dola nzima. Sanduku la dola 10 likawa la dola 35, na hata 50.

KITU KIDOGO CHENYE VITU VINNE

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wenye viwanda hawakuongeza mashine, wakachuma fedha zile zilizokuwa zikiwangoja. Ili kuelewa, inatupasa kuifungua risasi yenyewe tuitazame.

Sisi twaita "risasi" kitu kizima, na twaita "risasi" pia yale madini mazito ya rangi ya kijivu. Lugha yetu ina haki, kwa maana kichwa kile kinachoruka kimetengenezwa kwa madini hayo. Lakini kitu kizima kina sehemu nne: ganda, kichwa, baruti, na fataki iliyo kitakoni. Ikikosekana moja, tatu zilizobaki ni takataka tu.

Ganda hutengenezwa kwa shaba ya manjano, ambayo ni shaba nyekundu sehemu 70 na zinki sehemu 30 katika kila 100. Shaba nyekundu huchimbwa kwa wingi huko Chile na Peru, na pia kwa jirani zetu wa Kongo na Zambia. Mwezi wa Machi 2020 tani moja ya shaba iliuzwa London kwa chini ya dola 5,000. Mwezi wa Mei 2021 ilipita dola 10,000. Madini ya risasi nayo yana hadithi yake. Kiwanda cha mwisho cha Marekani cha kuyeyusha risasi itokayo machimboni, kilichokuwa Herculaneum katika jimbo la Missouri, kilifungwa mwishoni mwa mwaka 2013. Tangu hapo risasi inayoyeyushwa nchini humo hutoka hasa katika betri kuukuu za magari.

Hata hivyo shaba na risasi hazikuwa shida kubwa. Shida kubwa ilikuwa fataki. Huyu ni mdudu mdogo kuliko punje ya hindi: kikombe chenye dawa kidogo ndani, ambayo ikigongwa na kidole cha bunduki hutoa cheche na kuwasha baruti. Dawa hiyo ni ya hatari mno. Wafanyakazi huichanganya na kuijaza ikiwa mbichi, maana ikikauka yaweza kulipuka kwa kuguswa tu. Kiwanda chake hujengwa kwa vyumba vilivyotengana, kwa kuta nene, na kwa watu waliofundishwa muda mrefu. Mtu hawezi kuamka asubuhi akaanzisha kiwanda cha fataki kama anavyoanzisha posho mill.

Kwa miaka hiyo, Marekani nzima ilikuwa na majina makubwa manne tu ya fataki: Federal, CCI, Winchester na Remington. Federal na CCI walikuwa mali ya kampuni moja iitwayo Vista Outdoor. Na Remington, jina lililoanza mwaka 1816, alikuwa hoi. Kampuni hiyo ilifilisika mara ya kwanza mwezi wa Machi 2018, na ikafilisika tena mwezi wa Julai 2020, katikati ya msimu ule ule ambao kila mtu alikuwa akitafuta risasi! Kiwanda chake cha risasi cha Lonoke, katika jimbo la Arkansas, kilikuwa kikizalisha kidogo sana wakati watu wanapigania masanduku. Mwaka huo huo Vista walikinunua, pamoja na jina, kwa dola milioni 81.4, wakarudisha wafanyakazi na kuwasha mashine. Mkulima akashukuru, lakini majina matatu katika yale manne yakawa chini ya bwana mmoja.

Na kwa nini Remington alifilisika mara ya kwanza? Jibu lake ndilo linaloeleza kwa nini wengine hawakukimbilia kujenga. Baada ya hofu ya mwaka 2013 viwanda viliongeza kazi. Kisha mwaka 2016 Donald Trump alipochaguliwa, hofu ya sheria mpya iliondoka, na watu waliokuwa na masanduku darini wakaacha kununua. Bei ikaanguka, mali ikalala ghalani. Mkulima aliyepanda vitunguu ekari nzima kwa kuwa mwaka uliopita vilikuwa ghali, akavuna akakuta kila jirani naye amepanda vitunguu, ataelewa kwa nini wenye viwanda walisita. Walifanya kazi usiku na mchana kwa mashine walizokuwa nazo. Mashine mpya waliziogopa.

Tuongeze jambo moja dogo. Duka kubwa la Walmart, ambalo katika miji midogo ya mashambani mara nyingi ndilo duka la karibu, lilikuwa limetangaza mwezi wa Septemba 2019 kwamba litaacha kuuza risasi za bastola na za baadhi ya bunduki, baada ya watu kuuawa ndani ya duka lake huko El Paso. Kampuni yenyewe ilikisia kwamba sehemu yake katika biashara ya risasi ingeshuka kutoka karibu 20 kwa 100 mpaka 6 au 9. Sababu yao mtu aweza kuikubali au kuikataa, lakini mkulima wa mji mdogo alibaki na milango michache ya kubisha.

ALIYEUMIA

Kiwanda chenye mashine zisizotosha hutengeneza kwanza kile kinachouzwa upesi. Mashine ziliwekwa zitoe risasi za bastola za milimita 9 na zile za bunduki nyepesi zinazopendwa na watu wa mjini. Risasi za bunduki za kuwindia, kama ile ya 30-30 ambayo babu wengi wa Marekani wamewarithisha wajukuu, zilisubiri zamu. Kwa hiyo mwenye bunduki ya zamani, aliyekuwa akinunua sanduku moja la risasi 20 kwa mwaka na halimaliziki, ndiye aliyekosa kabisa. Hakuwa ameweka akiba kwa sababu hakupata kuhitaji akiba.

Hata polisi wa miji mingine walipunguza mazoezi ya kulenga. Wenye nguruwe shambani walirudia mitego: mazizi makubwa ya waya wenye nguvu, yenye lango linaloanguka kundi zima likiingia. Wataalam wa kilimo wa huko walikuwa wamesema hivyo kwa miaka mingi, kwamba kwa nguruwe mtego ni bora kuliko bunduki, kwa sababu ukipiga mmoja waliobaki hutawanyika, wakarudi kesho wakiwa wajanja zaidi. Ilihitaji risasi ya dola moja ili maneno ya Bwana Shamba yasikiwe.

Wengine walijaribu kujijazia wenyewe. Huko Marekani ni jambo la kawaida mtu kuokota maganda yake, kuyasafisha, na kuyatia fataki, baruti na kichwa kipya kwa mashine ndogo ya mezani. Lakini ganda laweza kutumika tena na tena. Fataki hutumika mara moja tu. Fataki 1,000 zilizokuwa dola 30 zikawa dola 100 na zaidi kwa walanguzi, na mara nyingi hazikuwepo kabisa, kwa kuwa viwanda vilizitia kwanza katika risasi zao wenyewe.

RISASI ZA URUSI

Kwa muda mrefu mtu asiye na fedha nyingi alikuwa na kimbilio: risasi za Urusi, zenye ganda la chuma badala ya shaba, ambazo hazina sura nzuri lakini bei yake ilikuwa nafuu. Tarehe 20 Agosti 2021 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 7 Septemba haitatoa tena vibali vipya vya kuingiza bunduki na risasi kutoka Urusi. Hiyo ilikuwa adhabu kwa ajili ya mpinzani Alexei Navalny, aliyekuwa ametiliwa sumu mwaka 2020. Vibali vilivyokwisha kutolewa viliendelea mpaka muda wake ukaisha, kwa hiyo meli hazikukatika siku moja. Lakini watu hawakungoja meli zikatike. Siku ile ile ya tangazo walikimbilia masanduku ya Urusi yaliyokuwa yamebaki, na bei ikaruka kabla hata risasi moja haijazuiwa. Habari peke yake ilitosha kufanya kazi ya uhaba.

BARUTI, PAMBA NA MBOLEA

Katika mwaka 2022 hofu ilianza kutulia. Maghala ya nyumbani yalikuwa yamejaa, fedha za watu zilikuwa zimepungua, na masanduku yakaonekana tena rafuni. Kufikia mwaka 2023 risasi ya milimita 9 ilikuwa imerudi chini ya senti 30. Haikurudi pale pa zamani, lakini ilinunulika.

Lakini mwezi wa Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine, na taabu ikahamia katika sehemu nyingine ya risasi, nayo ni baruti. Yafaa tueleze baruti hutoka wapi, maana asili yake ni shambani. Pamba ikishachambuliwa, juu ya mbegu hubaki manyoya mafupi yasiyofaa kusokotwa. Manyoya hayo hukusanywa, husafishwa, kisha huchovywa katika asidi kali ya nitriki. Yakitoka humo bado yana sura ya pamba, lakini sasa ni kitu kinachowaka kwa nguvu ya ajabu, na ndicho msingi wa baruti isiyotoa moshi. Mti nao waweza kutumika badala ya pamba. Viwanda vingi vya Ulaya vilikuwa vimezoea kununua manyoya hayo kutoka Uchina, na vita vilipoanza vikajikuta vinategemea mlango mmoja.

Na asidi ya nitriki? Hiyo hutengenezwa kwa amonia, na amonia hutengenezwa kwa gesi ya ardhini pamoja na hewa. Amonia hiyo hiyo ndiyo mama wa urea, wa CAN na wa DAP. Bei ya gesi ilipopanda Ulaya katika mwaka 2021 na 2022, viwanda vya amonia vilipunguza kazi, na mkulima wa Trans-Nzoia akaona matokeo yake kwenye ghala: mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ulipita shilingi 6,000, mpaka serikali ilipoleta mbolea ya ruzuku kwa shilingi 3,500 mwezi wa Septemba 2022, na shilingi 2,500 mwaka uliofuata. Tusiseme kwamba amonia ndiyo iliyoleta uhaba wa risasi wa mwaka 2020, maana wakati ule gesi ilikuwa rahisi. Lakini watu wawili walio mbali, mmoja akitafuta mbolea Kitale na mwingine akitafuta baruti Texas, walikuwa wakinywa kisima kimoja.

Vita vya Ukraine viliongeza kiu katika kisima hicho. Kombora moja la mzinga mkubwa hula baruti inayotosha kujaza maelfu ya risasi ndogo. Kabla ya vita Marekani ilitengeneza makombora kama hayo yapata 14,000 kwa mwezi, kisha jeshi likaweka lengo la kufika 100,000. Mwanzoni mwa mwaka 2024 Vista waliwaandikia wenye maduka kwamba baruti imeadimika duniani na kwamba bei zitapandishwa. Wanaojijazia wenyewe wakarudi katika kutafuta makopo ya baruti kama walivyotafuta fataki.

SHERIA YA HUKO NA YA HUKU

Msomaji asije akadhani kwamba maduka tunayoyataja yako kama ya hapa. Huko Marekani, katika majimbo mengi, mtu aliyefikia miaka 18 huingia dukani akanunua risasi za bunduki ndefu bila cheti, na akifikia miaka 21 hununua za bastola. Hakuna anayeandika amenunua ngapi. Majimbo machache yana utaratibu mkali zaidi: California ilianza kumchunguza kila mnunuzi wa risasi tarehe 1 Julai 2019, na New York ikafuata mwezi wa Septemba 2023. Hapa Kenya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humtaka mtu awe na cheti, na cheti hutaja silaha yake pamoja na kiasi cha risasi anachoruhusiwa. Basi mchezo ule wa kuweka masanduku 100 chini ya kitanda haungewezekana hapa; ungekuwa kosa la jela. Uwindaji nao umekatazwa nchini tangu mwaka 1977. Wanyama wakiingia shambani, kazi ya mkulima ni kupeleka habari kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na sheria ya mwaka 2013 inaeleza namna ya kudai fidia ya mazao yaliyoharibiwa. Dai hilo huanza kwa taarifa, kwa hiyo mkulima apige picha ya uharibifu siku ile ile, kabla ya kupanda upya.

Kuna jambo moja la Marekani ambalo lingeweza kuonewa wivu. Tangu mwaka 1937 sheria yao iitwayo Pittman-Robertson hutoza kodi ya 11 kwa 100 juu ya risasi na bunduki ndefu, na fedha hizo hazitiwi katika mfuko wa jumla. Hupelekwa kwa majimbo kwa ajili ya kutunza wanyama na misitu. Kwa hiyo miaka ile watu walipopigania risasi, mfuko wa wanyama ulifurika. Baada ya mwaka 2021 majimbo yaligawiwa zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka. Kulungu hawakujua, lakini hofu ya watu wa mjini ndiyo iliyolipia malisho yao.

Kuhusu viwanda, mwezi wa Machi 2024 kiwanda cha zamani cha bunduki cha Remington, huko Ilion katika jimbo la New York, kilifungwa baada ya miaka karibu 200 ya kazi mahali pale. Mwezi wa Novemba mwaka huo Vista waliuza biashara yao yote ya risasi, Federal, CCI na Remington pamoja, kwa kampuni ya Wacheki iitwayo Czechoslovak Group, kwa dola bilioni 2.2 na zaidi. Majina yaliyobakia kwenye sanduku ni yale yale. Mkulima wa Arkansas anayenunua risasi zilizotengenezwa Lonoke, mwendo mfupi kutoka shambani kwake, sasa faida yake huenda Prague.